Harambee ya kuezeka upya ukumbi wa kijiji: tuanzie wapi?

MjumbeWaKamati

Wakuu, habari za kazi. Wakubwa wote, shikamooni.

Kijiji chetu kipo mkoa wa Njombe. Ukumbi wa kijiji una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kuta ni za tofali za kuchoma na bado imara, lakini paa limechoka: bati zina kutu, papi (mbao zinazoshikilia bati) zimeliwa na mchwa, na mvua zikianza vikao vyote vinahamia darasani. Mkutano mkuu wa kijiji umeridhia tufanye harambee na kamati imeundwa.

Tumekubaliana iwe siku moja, tuwe na mgeni rasmi, chakula, mnada na muziki, kwa watu wapatao 300. Baada ya hapo maoni yanagongana. Wapo wanaotaka Desemba, kwa kuwa wazawa wanaoishi Dar, Dodoma na Mbeya wanakuwa wamerudi kwa Krismasi. Wapo wanaotaka Agosti, mahindi yakishavunwa. Kuna pia wazo la kuuza tiketi za bahati nasibu, mshindi apate pikipiki. Na kuna wanaosema chakula kiwe bure, la sivyo watu hawatakuja.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie: tarehe ipi inafaa, lengo la fedha tulipangeje, fedha zipokelewe kwa njia gani ili pasiwe na maneno baadaye, na chakula cha watu 300 ni kiasi gani hasa?

---

MtunzaDaftari

Ndugu mjumbe, nianze na tarehe, maana ndiyo inayobeba mengine yote.

Chagueni Agosti, wiki mbili za mwanzo. Njombe mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Mkikusanya fedha Desemba mtakaa nazo miezi mitano bila kuezeka, na fedha ya umma ikikaa miezi mitano hupata dharura nyingine za kuimaliza. Bei ya bati nayo haitawasubiri. Agosti mkulima ana mahindi na viazi vya kuuza, mnanunua vifaa mwisho wa mwezi, mnaezua Septemba, na Oktoba mnafunga kazi kukiwa kukavu.

Wazawa wa mjini si lazima wawepo ukumbini. Fungueni kundi la WhatsApp sasa hivi, wekeni picha za paa, bajeti iliyosainiwa na muhtasari wa mkutano mkuu. Anayetoa akiwa Dar hutoa kwa sababu ameiona bajeti na anawaamini wanaopokea. Mpeni kila mmoja kadi ya mchango angalau miezi miwili kabla, ili ipite mishahara miwili. Siku ya harambee iwe ya kukamilisha tu. Kamati inayofika siku hiyo haina hata nusu ya lengo mkononi inamwachia mgeni rasmi kazi ambayo hawezi kuifanya kwa saa tatu.

Kuhusu taratibu: mkutano mkuu kuridhia ni hatua ya kwanza. Mtendaji wa kijiji apeleke muhtasari huo, pamoja na orodha ya waliohudhuria, kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Andikeni waziwazi kwamba mchango ni wa hiari. Mkianza kupanga "kila kaya shilingi kadhaa, asiyetoa anachukuliwa hatua", hiyo si harambee tena. Mchango wa lazima unahitaji sheria ndogo iliyopita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Bahati nasibu achaneni nayo kabisa. Kuuza tiketi ili mmoja ashinde pikipiki ni mchezo wa kubahatisha, na hiyo ina sheria yake na leseni yake chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mnada hauna tatizo hilo, kwa sababu mtu analipa na anaondoka na kitu chake.

Sasa fedha. Hapa ndipo harambee nyingi hufa, mara nyingi bila hata mtu kuiba. Namba ya simu ya mwenyekiti au mweka hazina isitumike kupokea michango. Simu binafsi ina fedha za mwenye simu ndani yake, ina mikopo ya mtandao inayokatwa yenyewe, na ikipotea mnaanza kubishana. Tumieni akaunti ya benki ya kijiji, yenye watia saini zaidi ya mmoja, na watu walipie kwa wakala au kwa simu kwenda benki. Kama benki iko mbali, tumieni huduma ya kikundi kama M-Koba, ambayo fedha haitoki bila viongozi zaidi ya mmoja kuidhinisha. Wanaotuma waambiwe mapema kama waweke na ya kutolea, maana kwa michango mia mbili midogo makato hayo yanajumlika.

Kila shilingi iwe na stakabadhi. Tumieni vitabu vyenye namba zilizochapwa na nakala ya kaboni, na kabla ya kuvigawa mwandike nani amechukua kitabu gani, kuanzia namba ipi hadi ipi. Vitabu vyote virudi, hata ambavyo havikutumika. Kurasa zilizoharibika zisichanwe: zikunjwe, ziandikwe "imefutwa" na zibaki kitabuni.

Siku yenyewe wekeni meza moja tu ya fedha, karibu na meza kuu na si karibu na mlango. Wakae watu watatu: mmoja anapokea, mmoja anaandika stakabadhi, mmoja anaandika daftari. Msemaji asitaje kiasi kwenye kipaza sauti kabla meza haijathibitisha. Mwishoni mhesabu mara mbili, watu tofauti, na kujaza karatasi ya aina za noti: za 10,000 ngapi, za 5,000, 2,000, 1,000, kisha sarafu. Jumla ya noti ilingane na jumla ya stakabadhi kabla mtu yeyote hajaondoka mezani. Isipolingana, tafuteni hapo hapo. Kesho yake hamtaipata. Fedha iende benki au kwa wakala siku inayofuata ya kazi, na msilipe gharama yoyote kutoka kwenye fedha ya mezani, hata mafuta ya jenereta. Gharama za siku hiyo zitengwe mapema kwenye bahasha yake, na risiti zake.

Ahadi ziandikwe kwenye daftari jingine: jina, simu, kiasi, na tarehe ya kulipa anayoitaja mwenyewe. Mwalimu atasema mwisho wa mwezi, mkulima atasema akiuza viazi. Ahadi isiyo na tarehe msiihesabu. Bajeti ya vifaa ijengwe kwa fedha iliyopo benki tu. Ahadi zikiingia zitajenga dari au kununua viti.

---

FundiPaa

Mtunza daftari amesema yote ya fedha. Mimi niongeze lengo linapatikanaje, maana "tunahitaji milioni kadhaa" haimshawishi mtu. Mwambieni mtu bati moja ni shilingi ngapi, naye atajua atoe bati ngapi.

Ukumbi wa mita 9 kwa 18. Tuseme paa la migongo miwili, mwinuko wa nyuzi 20, upenu wa sentimita 60 pembeni na sentimita 50 kila mwisho. Urefu wa paa unakuwa mita 19. Kutoka kwenye mgongo wa paa hadi ukingo wa upenu ni karibu mita 5.4. Bati za mita 3 mbili zinatosha mstari mmoja na zinabaki kiasi cha kulaliana: msiruhusu chini ya sentimita 15, kwa mwinuko huo mimi ningeweka 20. Bati likishalaliana na jirani yake hufunika karibu sentimita 75 kwa upana, kwa hiyo upande mmoja mistari 26, bati 52. Pande mbili ni bati 104. Ongezeni za kuharibika, nunueni 110. Kofia za kufunika mgongo wa paa, za mita 2, ni 11.

Papi: mistari 7 kila upande, mita 19 kila mstari, jumla mita 266. Kwa mbao za futi 12 ni 73, chukueni 80 kwa ajili ya maungio. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zikikaa kila mita 1.5 ni 13. Vipimo vya mbao za kenchi msikisie. Upana wa mita 9 bila nguzo katikati ni mkubwa, muombeni mhandisi wa halmashauri awachoree na asaini. Kenchi ikilegea, kuta ndizo zitakazosukumwa nje.

Geji, yaani kipimo cha unene wa bati: namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu milimita 0.3. Kwa ukumbi wa umma chukueni 28. Wakati wa kupokea, pimeni unene kwa kifaa au pimeni uzito wa bati kadhaa, msitegemee maandishi ya rangi tu. Leteni profoma (karatasi za bei kabla ya kununua) tatu kutoka maduka matatu, zote zikiwa na geji, urefu, aina ya migongo na usafiri hadi kijijini. Profoma isiyo na usafiri itawadanganya.

Kosa kubwa ni kupokea bati zenyewe kama mchango. Mmoja ataleta geji 32, mwingine migongo mipana, mwingine rangi ya bluu, na migongo isiyofanana hailaliani, maji yanapita katikati. Pokeeni fedha ya bati, mnunue zote siku moja duka moja. Bati za zamani nazo msirudishe juu: matundu ya misumari hayatakaa pale pale na papi mpya. Ziuzeni kwenye mnada, watu wa mabanda ya kuku watazigombania.

Misumari ipigwe mgongoni mwa bati, kamwe isiwe bondeni, na iwe na mpira wake. Na msiezue kabla vifaa vyote havijafika eneo la kazi. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo zikinyeshewa juu kukiwa wazi, udongo unatoka na ukuta unafunguka.

Jambo moja la ziada: paa hilo likiwa na mifereji, mvua ya milimita 10 inawapa karibu lita 1,500 baada ya kutoa zinazopotea. Wekeni mifereji kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukumbi wenye maji unakodishwa kwa harusi.

---

JikoKubwa

Chakula. Usikubali kiwe bure kwa kila mtu, na usikiuze sahani kwa sahani mlangoni, foleni itaharibu ratiba. Njia nzuri ni kadi ya mchango: ya mtu mmoja na ya wawili, yenye namba na kipande cha kuchana kwa ajili ya sahani. Aliyelipia kadi ameshakula. Wazee na watoto wa shule watakaoimba mpange sahani zao kwenye bajeti, msijifanye hawapo. Kwa maoni yangu gharama ya chakula isizidi sehemu ya tano ya mnachotarajia kukusanya. Ikizidi, punguzeni nyama.

Kwa pilau ya watu 300: mchele kilo 40, ambayo ni kama gramu 130 kwa mtu. Nyama yenye mfupa kilo 40, kila kilo ikatwe vipande 15, kila sahani vipande viwili. Vitunguu maji kilo 8, kitunguu saumu kilo 1, tangawizi kilo 1, mafuta lita 6, viungo vya pilau vilivyosagwa gramu 400, chumvi mwonje. Kachumbari: nyanya kilo 20, vitunguu kilo 6, kabichi 8, ndimu za kutosha.

Msipike kilo 40 kwenye sufuria moja. Chini itaungua na juu itabaki mchele mbichi. Sufuria mbili, kilo 20 kila moja, na ya pili iwashwe nusu saa baada ya kwanza ili chakula cha mwisho kitoke cha moto. Nyama ichemshwe kwanza peke yake na tangawizi, saumu na chumvi. Supu yake ndiyo maji ya mchele. Pimeni supu na maji pamoja, lita 30 kwa kila kilo 20, kama mchele ni wa zamani ongezeni lita 2. Maji yakikauka, ondoeni kuni chini, acheni makaa machache, na makaa mengine juu ya mfuniko.

Halafu mkumbuke mko juu. Katika mwinuko wa Njombe maji huchemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100, kwa hiyo kila kitu kinachelewa kuiva kuliko pwani. Mkichagua wali na maharage ili kubana matumizi, maharage kilo 30 yalowekwe usiku kucha na yawekwe motoni alfajiri. Maharage magumu saa saba mchana yameshaharibu shughuli nyingi.

Agosti Njombe ni baridi, hivyo chai ya asubuhi inauzika sana wakati watu wanasubiri wageni. Vikombe 300 ni lita 75, sukari kilo 6, majani gramu 400. Kilo moja ya ngano hutoa maandazi karibu 30 ya kawaida. Hiyo meza ya chai ipewe kikundi cha akina mama, wanunue wenyewe, na faida yote waikabidhi mezani kwa stakabadhi kama mchango wa kikundi. Hapo hesabu haiingiliani.

Mafiga yawe mbali na ukumbi, mita 10 au zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi ndani. Pilau iliyobaki igawiwe hapo hapo, isilale.

---

MjumbeWaKamati

Asanteni sana wakuu, naandika yote. Mambo mawili yamebaki. Kuna wananchi hawana fedha lakini wana miti ya paini na wako tayari kutoa mbao. Tupokee? Na ratiba ya siku: kwetu utambulisho wa wageni pekee hula saa nzima.

---

FundiPaa

Mbao pokeeni, kwa Njombe huo ni mchango mkubwa kuliko fedha. Lakini mbao mbichi ya paini ikipanda juu inajikunja na misumari ya bati inalegea. Mbao ya unene wa inchi 2 inahitaji kama miezi 2 hadi 3 kukauka, imepangwa kivulini, kila safu ikitenganishwa na vipande vidogo ili hewa ipite, chini ikiinuliwa kwenye mawe. Ili mpaue Septemba, miti ichanwe kufikia Juni mwanzoni. Kwa hiyo hili lianze kabla ya harambee, na mbao zihesabiwe na kuandikwa jina la mtoaji kwa thamani ya bei ya kijijini, siku ya harambee zisomwe kama michango mingine. Orodha ya vipimo itoke kwa mhandisi kwanza, la sivyo mtapokea mbao 200 za inchi 1 zisizo na kazi juu ya paa. Zipakwe dawa ya mchwa baada ya kukauka, na ncha zinazogusa ukuta zipakwe mara mbili.

---

MshereheshajiWaKata

Ratiba ni eneo langu. Mgeni rasmi aandikiwe barua wiki sita kabla, ikitaja lengo, kiasi kilichokwisha kupatikana na muda wake wa kuondoka. Akijua mmeshafikisha sehemu kubwa, atakuja na marafiki zake wanaochangia. Kama kuna uchaguzi karibu, mtafuteni mgeni asiyegombea chochote: mzawa aliyefanikiwa, daktari, mfanyabiashara. Harambee ikigeuka jukwaa la mgombea, nusu ya kijiji itafunga mifuko.

Utambulisho wa mmoja mmoja futeni. "Itifaki imezingatiwa", kisha taja makundi wasimame pamoja. Risala isizidi ukurasa mmoja na nusu, iseme bati ngapi zinahitajika, ngapi zimeshapatikana, ngapi zimebaki, na nakala yake apewe mgeni. Namba zilizobaki ziandikwe pia kwenye ubao mkubwa mbele, mtu akitoa bati kumi ubao unafutwa na kuandikwa upya. Watu huchangia wakiona namba inashuka.

Mpangilio niupendao: saa nne chai na ngoma za hapo kijijini, saa tano risala na neno la mgeni, papo hapo michango ya taslimu, kisha mnada, chakula saa saba na nusu. Michango iwe kabla ya kula. Wakishakula wanaaga.

Mnada uanze na vitu vidogo: jogoo, sado ya maharage, mkungu wa ndizi, parachichi. Vitu hivi ruhusa kuvirudisha: mtu ananunua jogoo, anamrudisha auzwe tena. Raundi tatu zinatosha, ya nne inachosha. Mbuzi awe katikati, wakati ukumbi umechangamka, na kitu kikubwa kuliko vyote kiwe cha mwisho kabla ya chakula. Wekeni bei ya kuanzia iliyo chini ya bei ya sokoni ili mikono ipande haraka. Malipo ni hapo hapo mezani, na kitu kisikabidhiwe bila stakabadhi. Mnada wa ahadi ndio huzaa ugomvi wa mbuzi aliyeliwa bila kulipiwa.

Ukumbi wenu una mita za mraba 162. Ukitoa meza kuu, meza ya fedha na njia, viti 180 vinakaa vizuri. Hao wengine 120 wawekeeni turubai nje ya mlango mkubwa na spika ya pili. Milango yote iwe wazi na isiwekewe viti. Jenereta ya kVA 5 inatosha muziki na taa, ikae nje, na petroli ya akiba isiwe karibu nayo. Mkitaka muziki uendelee usiku, mtendaji wa kata ajue mapema na mfuate kibali atakachoelekeza.

---

MtunzaDaftari

Nyongeza moja kwa mjumbe. Ndani ya siku saba bandikeni kwenye mbao za matangazo mapato, matumizi ya siku na salio la benki, na mtume picha ya karatasi hiyo kwenye kundi la wazawa. Kisha hesabu kamili isomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, ule wa robo mwaka, pamoja na risiti za bati. Wenye ahadi wapigiwe simu siku tatu kabla ya tarehe waliyoitaja wenyewe, na mtu yule yule mmoja, kwa heshima. Asiyeweza kulipa yote apokelewe kidogo kidogo, kila awamu na stakabadhi yake.

Na paa likikamilika, mkutano mkuu upange ada ya kukodisha ukumbi na amana ya uharibifu inayorudishwa baada ya ukaguzi. Tengeni sehemu ya ada hiyo kwa rangi, kofia na misumari ya kila mwaka.